Siku 84 za mfanyakazi, mwaka mzima wa mwanafunzi

Mwanafunzi wa chuo akiwa mke wa mtu, kila tatizo lake lina dawa moja: ahirisha mwaka. Mimba ikisumbua, ahirisha. Ukijifungua, ahirisha. Mtoto akitapika wiki nzima, mama mkwe akilazwa, mume akihamishiwa mkoa mwingine, utamsikia mtu, tena anayekutakia mema kabisa, akikwambia kwa upole, "Si uahirishe tu, dada, chuo hakikimbii." Mimi nimeambiwa hivyo na ndugu, na wanachuo wenzangu, na hata mama tunayesali naye. Niko mwaka wa tatu sasa, sijaahirisha, na nataka kueleza kwa nini ushauri huo, pamoja na nia yake njema, umewatoa wanawake wengi chuoni.

Natoka Kagera, nasoma ualimu wa sayansi huku Dodoma. Niliolewa nikiwa na miaka 22, kwa hiari yangu, miezi michache kabla ya kuripoti mwaka wa kwanza. Nataja hiari kwa sababu nchi hii bado ina mabinti ambao hawakuulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi; Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba jambo hilo linapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia uamuzi huo mwaka 2019. Mabinti hao wana kilio chao, na ni kikubwa kuliko changu. Mimi nazungumzia mwanamke mtu mzima aliyechagua vyote viwili, ndoa na shule, halafu anaambiwa kila siku achague kimoja.

Swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni hili: "Mumeo amekuruhusu?" Darasani kwetu yuko kaka mmoja mwenye mke na watoto wawili Mpwapwa. Ni mtu tunayemheshimu, akichelewa kipindi cha asubuhi tunajua alikuwa kwenye basi anarudi kutoka kwake. Sijasikia hata mara moja mtu akimuuliza kama mkewe amemruhusu. Yeye anapewa pole kwa kuwa mbali na familia. Mimi natakiwa nionyeshe kibali. Na huko nyumbani mume wangu, ambaye ni fundi umeme, aliambiwa na rafiki zake mezani kwamba anamsomesha mke wa mwenzake, kwamba nikishapata digrii nitaondoka. Alinisimulia mwenyewe kwa simu, tukalizungumza likaisha. Lakini fikiria ni ndoa ngapi changa zinazoweza kubeba maneno kama hayo kila wiki, tena mke akiwa mbali.

Nilishika mimba katikati ya mwaka wa kwanza. Mazoezi ya kufundisha nikaomba shule ya karibu na nyumbani, nikafundisha kemia kidato cha pili tumbo likiwa mbele, na Septemba nikajifungua binti. Chuo kilikuwa kinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba. Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria ambazo sikuwahi kuzifikiria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayejifungua likizo ya malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumpa nafasi ya kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mhadhiri wangu akijifungua, siku hizo ni haki yake na hakuna wa kumwambia aache kazi mwaka mzima. Karani wa ofisi ya usajili vivyo hivyo. Mimi niliyekaa dawati la tatu mbele ya mhadhiri huyo, mwenye mwili ule ule na kidonda kile kile, pale ninaposoma nilikuwa na njia mbili tu: nirudi siku ya kufungua chuo kama vile hakuna kilichotokea, au nijaze fomu ya kuahirisha, nikae nje mwaka mzima. Kati ya sifuri na siku 365 hakuna kitu. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninaloliandikia.

Watu wanaosema chuo hakikimbii hawajui mwaka wa kuahirisha unaliwa na nini. Mkopo unasimama. Wenzako wanapanda, unarudi kwenye darasa la watu usiowafahamu. Familia inazoea kukuona nyumbani, na mwanamke aliyepo nyumbani hakosi kazi. Yuko binti tulioanza naye mwaka wa kwanza, tukikaa chumba kimoja, akili yake kwenye fizikia ilikuwa ya kutisha, yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha usiku kabla ya testi. Aliahirisha kwa ajili ya mtoto. Mwaka ulipokwisha mtoto alikuwa anaumwa, na pesa iliyokuwepo ilikuwa imeshaingia kwenye msingi wa nyumba. Mwaka uliofuata kompyuta mpakato ikauzwa. Mumewe si mtu mbaya, na hakuna siku aliyomwambia asirudi. Siku zilipita tu. Leo ana genge la nyanya na vitunguu, na kazi ile naiheshimu, lakini shule za nchi hii zinalia hazina walimu wa fizikia, naye yupo.

Mimi nilirudi kwa sababu ya mama mkwe. Alikaa kimya siku nzima ndugu walipokuwa wakijadili, halafu jioni akasema, "Mwanangu, nenda usome. Mtoto nitambeba mimi." Tukapanda basi la alfajiri kutoka Bukoba, sisi wawili na kichanga, na chini kwenye buti mikungu miwili ya ndizi, maharage, na kahawa ya kutafuna aliyoikausha mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuishi nje ya Kagera. Alifika Dodoma kwenye upepo na vumbi, kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye kitanda, mtungi wa gesi wa kilo 6 na ndoo za maji ya kununua. Wapangaji wenzetu aliwapokea kwa kahawa ile, kila aliyeingia anapewa punje mbili tatu kiganjani kama ilivyo desturi yetu, hata wale vijana wa chuo cha biashara walioishia kuzitema nje kwa siri. Ndani ya mwezi kila mtu pale uani alikuwa akimwita bibi.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Naamka kabla ya adhana, nafua nepi za kitambaa kwa maji ya kubana, nanyonyesha, naondoka. Saa nne, kipindi kikiisha, mama anakuwa ameshafika na mtoto, anakaa chini ya mwarobaini nyuma ya jengo la maabara na kitenge chake amekitandika. Nanyonyesha dakika ishirini huku nikimsikia akininong'oneza nikae vizuri, nisimkunje mtoto shingo. Ni saa nne hiyo, wanafunzi wanapita, wengine wanasalimia, wengine wanageuza uso. Jua la Dodoma likizidi anahamia upande wa pili wa mti. Nikimaliza narudi maabara, na maziwa yakichuruzika navaa koti jeupe la maabara juu ya blauzi hata pasipo na majaribio ya kufanya.

Ilikuwa Novemba, na Novemba kwetu ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Aliyezaliwa Kagera anajua maana yake: usiku watu wako nje na taa, asubuhi wanawake wamekaa wanachambua na kusimuliana habari za mwaka mzima. Mama alikuwa akipigiwa simu na mawifi zake kuambiwa mwaka huu wamejaa. Anacheka, anawaambia wamwekee, kisha anarudi kumbembeleza mjukuu kwenye kile chumba cha bati. Hakuwahi kunitamkia kwamba amekosa chochote. Nikisikia mtu anasema mama wakwe ni maadui wa ndoa, namuomba asinihesabu.

Chanjo ya wiki ya 14 ikaangukia siku moja na testi ya kemia. Nikaenda kwa mhadhiri wa somo nikiwa na kadi ya kliniki mkononi. Aliitazama, akaniandikia tarehe nyingine, basi. Namshukuru mpaka leo. Lakini mwenzangu wa kozi nyingine, kwa shida hiyo hiyo, alipewa sifuri, kwa sababu mwalimu wake aliona hizo ni habari za nyumbani. Hapo utaona ubaya wenyewe. Mimi nimefaulu kwa hisani: hisani ya mhadhiri, hisani ya mama mkwe mwenye afya, mjane asiyefungwa na kazi, aliyekubali kuacha shamba lake. Asiye na watu kama hao anaahirisha, kisha tunasema hakuwa na nia.

Pesa nayo. Posho ya chakula na malazi kwa wanufaika wa mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Kabla yake ilikuwa 8,500. Bumu, yaani hiyo posho, likiingia, kwa wenzangu ni tumbo moja na kodi ya kuchangia. Kwangu ilikuwa ni mama anayenyonyesha, bibi, mtoto, maji, sabuni, na nauli ya bajaji ya kliniki. Bima ya mwanafunzi inanitibu mimi tu. Mume wangu alikuwa anatuma, tena anatuma na ya kutolea, ila kazi ya ufundi ina wiki za mvua na wiki za ukame. Siombi mwenye ndoa aongezewe mkopo, maana mkopo ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na kila kinachoongezwa leo kitadaiwa kwa familia ile ile. Ninachosema ni kwamba kila mwaka tunaomsukuma mwanamke nje ya chuo ni mwaka mmoja zaidi kabla nyumba yake haijapata mshahara wa pili.

Sasa mtoto ameacha ziwa, yuko Bukoba na baba yake na bibi. Nilirudi kwenye kitanda cha hosteli, na baadhi ya watu wakadhani shida imekwisha. Ndoa ya mbali ina kazi yake. Tuna utaratibu tuliouweka: mambo ya pesa tunayazungumza mchana, hatuyapeleki usiku, na jambo lolote lenye hasira halitumwi kwa maandishi, linasubiri sauti. Naamini kabisa ujumbe wa maandishi umevunja ndoa za wanachuo wengi kuliko umbali wenyewe, kwa sababu "sawa" ya kuandikwa unaweza kuisoma kwa sauti yoyote uliyokuwa nayo moyoni. Wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, sipigi simu ndefu, na yeye anajua, anamwelekeza mtoto anisalimie kisha wanakata. Nikienda nyumbani mazoezi ya kufundisha, naingia jikoni, nalala kwangu, naenda kanisani na mume wangu. Majirani wameacha kuuliza.

Novemba 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2, uliowafungulia mlango wa kurudi shule wanafunzi walioacha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito. Ulipokelewa kwa mabishano makali, ila mlango umefunguka, na mabinti wamerudi. Kama tumeweza kukubaliana hivyo kwa binti wa kidato cha pili, sioni kinachotushinda kwa mwanamke wa chuo kikuu. Ninachokiomba kinaweza kuandikwa kwenye kanuni za mitihani kwa aya moja: mwanafunzi aliyejifungua apewe wiki kadhaa za kukosa vipindi bila kupoteza mwaka, testi alizokosa azifanye kwa tarehe nyingine kama tunavyomfanyia aliyelazwa hospitali, na chuoni kiwepo chumba kimoja chenye viti, maji na mlango unaofungwa. Anayeona mwili au roho yake inahitaji mwaka mzima, ahirisha iendelee kuwepo kwa ajili yake, na asionekane mvivu. Mwenye shinikizo la damu la mimba hawezi kusukumwa kwenye mabenchi ya darasa kwa ajili ya hoja yangu.

Na wewe dada uliyeko mwaka wa kwanza au wa pili, tumbo limeanza kuonekana na watu wameanza kukuletea ile fomu, usiijaze kwa aibu. Kaa na mumeo kwanza mhesabu nani atakuwa na mtoto saa zipi, maana hilo ndilo litakaloamua. Kisha nenda kwa mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia, uandike barua ya kuomba testi zako zipangiwe tarehe nyingine, uambatanishe kadi ya kliniki, na nakala iliyogongwa mhuri ubaki nayo. Wakikwambia haiwezekani, waulize kwa heshima ni kanuni ipi inayokataza, na uombe wakuonyeshe ukurasa.