Shati la Kola Tupu

Tanga mwezi wa pili, upepo wa kaskazi ukigoma kuvuma, jasho halikauki. Linakaa mwilini kama limepanga chumba. Sheria ya shule yetu ilitaka shati jeupe la mikono mirefu, tai, na juu yake sweta ya bluu isiyovuliwa mstarini. Sweta yenyewe nyuzi za plastiki, hainywi jasho. Shati nalo la tetroni. Nikaona kimoja lazima kipungue. Na mwalimu wa zamu halioni shati lote. Anaona kola, kafu na kipande cha kifua.

Basi chukua shati kuukuu. Kata kola pamoja na mkanda wake wenye kifungo. Ukiutenganisha, kola inalala kama sikio la mbuzi. Mbele acha kitambaa cha vidole vinane, kwa kuwa shingo ya V inashuka hadi hapo. Nyuma viwili vinatosha. Kafu zishonee ndani ya mikono ya sweta, zichungulie nusu inchi. Kola ibane kwenye sweta kwa pini tatu za nepi: moja kila bega, juu ya mshono, na moja kisogoni. Pini za karani usijaribu, ukiinama kufunga viatu utaruka. Mwisho funga tai, tena ikaze, maana ndiyo inayoshikilia mtambo wote.

Nilipeta wiki mbili. Wiki ya tatu, mstari wa saa nane mchana, mkuu wa shule akajifuta uso kwa leso, akaingiwa na huruma.

"Leo joto. Vueni sweta wote."

Shule nzima ikawa nyeupe. Bluu nikabaki mimi.

"Wewe je?"

"Nasikia baridi, mwalimu."

Mwalimu wa zamu akanishika paji la uso, linachuruzika. "Malaria hii! Mvueni apate hewa!"

Viranja wawili wakavuta. Pindo likapita kichwani, lakini shingo ya sweta imepiniwa kwenye kola, na kola imenyongwa na tai. Haikutoka. Nikawa gunia lililofungwa mdomo: kichwa ndani, mikono juu, tumbo linawatazama kidato cha pili.

"Shati lako liko wapi?"

"Nimelivaa, mwalimu," nikajibu toka ndani ya gunia. "Sehemu."

Kosa lilikuwa fundo. Tai ingekuwa ya mpira, ingevutika, kichwa kingetoka.