Bakteria kwenye diski za mgongo: je, antibiotiki ndiyo tiba?

Asubuhi magari yanaposhusha mzigo sokoni Mbuyuni, Moshi, ndipo utaona mgongo unavyobebeshwa: mtu anainama, anatwishwa mkungu wa ndizi, ananyooka kwa shida. Jioni kiuno kikikaza anapitia duka la dawa kuomba "vile vya rangi mbili", yaani kapsuli za antibiotiki, dawa ya kuua bakteria. Kwa hiyo dai kwamba baadhi ya maumivu ya mgongo yanaletwa na bakteria likifika huku, linakuta watu tayari wameshika kapsuli mkononi.

Dai lenyewe si la kubeza. Mwaka 2001 watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliripoti kuwakuta bakteria wa chunusi, ambao leo wanaitwa Cutibacterium acnes, katika diski, yaani visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, zilizotolewa kwa upasuaji. Bakteria hawa hustawi penye oksijeni haba, na ndani ya diski ni haba kweli. Mwaka 2013 Hanne Albert na wenzake wa Denmark wakachapisha jaribio la wagonjwa 162 wenye maumivu sugu baada ya diski kuchomoza, ambao picha za MRI, kipimo cha kuona ndani ya mwili, zilionyesha pia mfupa wa jirani umevimba kwa ndani. Waliomeza antibiotiki ya amoksilini yenye klavulaneti kwa siku 100 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Aliyeteseka miaka mingi ana haki ya kupata matumaini hapo. Ila mwaka 2019 watafiti wa Norway walijaribu amoksilini kwa wagonjwa 180 kwa miezi mitatu, na tofauti yao na waliopewa vidonge visivyo na dawa ikawa ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa. Madhara yaliwapata 56 kati ya kila 100 waliomeza dawa, dhidi ya 34 kati ya kila 100 wa vidonge visivyo na dawa. Tena bakteria hawa wanaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, kwa hiyo kisu cha upasuaji kinaweza kuwabeba hadi kwenye sampuli. Wapo walioonyesha kwa hadubini makundi yao ndani kabisa ya diski, kwa hiyo utafiti uendelee. Kama tiba, mimi naegemea Norway.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki: huku kwetu yapo maambukizi ya uti wa mgongo yasiyobishaniwa. Ipo TB ya mifupa, ambayo Hospitali ya Kibong'oto kule Siha inaijua vizuri. Ipo brusela, ugonjwa wa bakteria kutoka kwa mifugo, unaowapata wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi. Amoksilini haiponyi TB wala si tiba ya brusela. Mgonjwa anaamini yuko kwenye matibabu, kumbe pingili zinaliwa, hadi siku miguu inapoanza kufa ganzi. Mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku au kukonda apimwe magonjwa hayo mawili kwanza, na muuza dawa amwelekeze hospitali badala ya kumkatia kapsuli za siku tatu.