Hakimu wa ndoa na mirathi naye afikiriwe mafao kama jaji

Ukienda Temeke, Dar es Salaam, pale Kituo Jumuishi cha masuala ya familia unakuta mahakama ya mwanzo, ya wilaya na Mahakama Kuu ziko jengo moja, na wote humo kazi yao ni ileile: talaka, matunzo ya watoto, kugawana mali, nani awe msimamizi wa mirathi ya marehemu. Sasa jaji wa pale akistaafu ana sheria yake kabisa, ile ya 2007 ya maslahi na mafao ya majaji, na pensheni yake inadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina. Hakimu wa chumba cha jirani akistaafu anaenda zake PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kama mtumishi mwingine yeyote, anapigiwa kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao. Mi naona hii haijakaa sawa, ile sheria ya majaji iwaguse na mahakimu, na kama hela haitoshi kwa wote basi ianze na hawa wa familia.

Tupige hesabu kidogo maana watu wanaongelea kikokotoo bila kukipiga. Tuseme hakimu kafanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake wa miaka mitatu mizuri ni milioni 1 kwa mwezi (mfano tu huo, rahisi kuhesabu). Unachukua milioni 12 za mwaka, zidisha 360, gawa kwa 580, unapata kama milioni 7.4 kwa mwaka. Mkupuo, yaani hela anayopewa kwa mara moja akistaafu, ni asilimia 40 ya hiyo mara 12.5, inakuja kama milioni 37, na kila mwezi anabaki na laki tatu na sabini na kitu hivi. Na hiyo 40 ni baada ya kelele za 2024 za kulalamikia kikokotoo, kabla ya hapo ilikuwa 33. Laki tatu na sabini, kwa mtu ambaye jana alikuwa anaamua nani arithi nyumba ya Kariakoo yenye wapangaji kumi! Halafu tunashangaa bahasha zinapita. Sisemi pensheni inamgeuza mwizi kuwa mtakatifu, mla rushwa ni mla rushwa tu hata umlipe vipi, lakini yupo yule wa katikati, mwaka wake wa mwisho kazini, hana nyumba, ana mtoto chuo, huyo ndo namuongelea mimi.

Na msidhani kesi za mahakama ya mwanzo ni za kuku na mbuzi. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua, ilianzia mahakama ya mwanzo, akaambiwa hana chake kwa sababu yeye alikuwa mke tu, nyumba kanunua mume. Mpaka ilipofika Mahakama ya Rufani 1983 ndo ikasemwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. (Mwenyewe hakuambulia kitu mwishoni, ila hiyo ni stori nyingine.) Wangapi wana nauli na moyo wa kufika Rufani? Wengi wanaishia palepale kwa hakimu wa mwanzo, alichosema ndo kimeshakuwa maisha yao.

Kinachoniudhi zaidi ni Katiba yenyewe. Ibara ya 113A inapiga marufuku jaji kujiunga na chama cha siasa, na inamtaja hakimu wa ngazi yoyote humohumo, hakuna cha mkubwa wala mdogo. Kwenye kukatazwa wako kapu moja, kwenye kulipwa kila mtu na kapu lake.

Najua mtaniuliza, na walimu je, manesi je? Swali la haki kabisa na sina ugomvi nalo, kikokotoo kinawaumiza wote na wote wanastahili zaidi. Ila mwalimu hajatakiwa na Katiba awe huru dhidi ya anayemlipa, hakimu katakiwa, na kesi ya kesho inaweza kuwa ya mkubwa wa wilaya anayegombana na mkewe. Wala sisemi hakimu wa mwanzo apewe kila anachopewa jaji, mambo ya ukubwa wabaki nayo. Ninachotaka ni pensheni ya mwezi itoke Mfuko Mkuu na ipande kila mshahara wa hakimu aliyeko kazini unapopanda, viwango vipangwe kwa ngazi na miaka ya kazi, michango yake ya PSSSF ihesabiwe humo isipotee. Waliokwisha kustaafu nao waingizwe, hata kwa awamu, maana wao ndo waliokaa na mafaili ya mirathi kabla hata kituo cha Temeke hakijajengwa.