Malaika wa Upande wa Pili

Baba Mukubwa hana ugomvi na mtu yeyote pale Katuba, mtaa wa Lubumbashi, isipokuwa na simu zetu. Ukicheza wimbo kwenye simu mbele yake, anainuka na kiti chake anahamia uani. Kwake yeye muziki ulikufa siku kanda za rili, zile za kuzungushwa kwenye magurudumu mawili, zilipoacha kuuzwa, na ushahidi wake ni sanduku la kanda aliloachiwa na injinia mmoja Mbelgiji, mkubwa wake wa zamani mgodini. Si kanda za kujirekodia nyumbani, hapana: ni za dukani, zilizonakiliwa kiwandani, kila moja na boksi lake lenye picha. "Hii njo sauti ya studio," husema, akiligonga boksi kwa ukucha.

Boksi lenyewe limeandikwa 9,5, yaani sentimita za kanda zinazopita kila sekunde. Studio kubwa zilikuwa zikirekodi kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, na kanda nzuri za kuuzwa zilikwenda 19. Hizi za 9,5 zilitolewa ili kiwanda kitumie nusu ya kanda kwa muziki uleule. Aliyelipa ni sikio: kanda ikienda polepole, sauti nyembamba zinabanana. Wimbi la hezi elfu kumi, yaani mitetemo elfu kumi kwa sekunde, linabaki na nafasi isiyofika hata sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo matoazi na herufi "s" hufifia, na ule mvumo wa "shhh" wa kanda husikika zaidi. Nilimweleza Baba Mukubwa haya yote. Akanijibu kwamba kitu kinachokwenda taratibu kimetengenezwa kwa uangalifu, na kwamba vijana wa leo tunapenda mbio.

Ikafika jubile ya miaka 50 ya ndoa yake na Mama Mukubwa. Mimi nilipewa spika na nyaya, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Muziki wa ibada akauchagua mwenyewe: kwaya ya Ulaya upande wa kwanza, na bwana mmoja mwenye sauti nzito akiimba na kinanda cha kanisa upande wa pili. Mota ya mashine yake ilikuwa imekufa, basi akaazima mashine ya mono, ya sauti ya njia moja, iliyokuwa ikirekodi mahubiri parokiani. Nikamwambia kanda yake ni ya njia nne na mashine ile haiijui. "Mutoto," akasema, "kanda ni kanda."

Shemeji yake akajitolea kubonyeza. Akaiwasha kwa 19. Kwaya nzima ikatoka mbio, sauti juu kabisa, vifaranga wamemwagiwa mtama. Watoto wakacheka hadi wakatolewa nje. Nikageuza kitasa kwenye 9,5 na kwaya ikatulia, lakini haikuwa peke yake.

Kanda hizi za stereo, za sauti ya kushoto na ya kulia, zina upana wa milimita 6 na kitu, na ndani yake mna njia nne. Ya kwanza na ya tatu ni za upande wa kwanza. Ya pili na ya nne ni za upande wa pili, nazo zimerekodiwa kuelekea nyuma, maana ukifika mwisho unaigeuza rili. Kichwa cha mashine ya mono ni kipana, kinasoma nusu ya juu yote: njia ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Kwa hiyo tulipata kwaya ya mkono wa kushoto tu, sauti za kina mama pekee, na chini yao yule bwana mzito akiimba kinyumenyume. Kila neno lilianza kwa pumzi, likavimba, likakatika ghafla. Kibaya zaidi, alipatia mapengo. Kina mama wakinyamaza, yeye anajibu.

Nyumba ikawa kimya. Bibi mmoja nyuma akauliza, "Beko nasema nini?"

Hapo akasimama mtumishi mmoja mwenye karama ya kutafsiri lugha. Akafumba macho, akanyoosha mkono kwenye spika yangu. "Asema, ndoa hii imebarikiwa." Amina! Yule bwana akaguna tena, kinyume. "Asema, mume aongeze pesa ya chakula." Kina mama wakapiga vigelegele, na Mama Mukubwa, ambaye hajapenda kanda hizo tangu zilipoingia nyumbani, akasogeza kiti mbele asikie vizuri.

Mimi nilikuwa nimeshika kitasa cha sauti sijui nishushe au nipandishe. Baba Mukubwa alinikodolea macho ya kusema zima; mkewe, ya kusema ole wako. Nikapandisha. Ukafuata unabii juu ya bati la jikoni linalovuja, na mwingine juu ya kutembelea wakwe, hadi umeme ulipokatika. Malaika wetu akaanza kuzama, akawa mzito, mzito zaidi, akaisha. Breki za ile mashine zilikuwa zimechoka: rili ikaendelea kuzunguka yenyewe na kumwaga kanda mezani, juu ya sombe na kando ya bukari. Mtumishi akatangaza ibada imefungwa. Tukala, kila mtu akitoa uzi wa kahawia kwenye sahani yake.

Kanda niliifuta kwa kitambaa nikaikunja upya; haikuharibika sana. Wiki iliyofuata mtumishi akaja kuiazima kwa ajili ya mkesha. Baba Mukubwa hakumkaribisha hata kiti.

"Ile iko ya 9,5," akamwambia. "Sauti ya juu haimo. Mungu akitaka kusema na bantu, atatumia ya 19."