Silikoni si dawa ya ribiti

Nina ugomvi na silikoni, ile gundi ya tyubu ya kuzibia. Boti yetu ni ya alumini, mtumba, futi 14, inalala ufukweni Sahare hapa Tanga. Kila ikivuja hakosi mtu wa kuja na tyubu mkononi. Mwaka jana tulimlipa fundi akaipaka sakafu nzima kwa ndani, ikapendeza kama keki ya harusi. Safari ya tatu, maji vifundoni, upo, kile chombo cha kukombea maji, ukarudi kazini.

Watu wanadhani imetoboka. Haijatoboka, imelegea. Ribiti, kile kipini kinachopita tunduni na kugongwa mkia, kazi yake ni kubana mabati mawili yasiachane. Sasa mashine inatetemesha, mawimbi yanapiga, maji yakipwa tunaiburuta juu ya mawe. Ribiti inaanza kucheza ndani ya tundu lake. Ukipaka kwa ndani, maji yanaingia kwa nje na kuibandua gundi yako taratibu. Tena ile silikoni inayonuka siki hutoa asidi inayokula alumini. Na ikishapakwa, hakuna kingine kitakachoshika juu yake. Tulikwangua siku mbili, mimi na mdogo wangu, kucha zimetuisha.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mkalafati, fundi wa kuziba mashua, mtu wa chembeu na pamba, maisha yake yote ni mashua za mbao.

"Mnajua inalia wapi?"

"Hatujui, mzee."

"Sasa mnatibu nini?"

Tukaipandisha kwenye magogo, tukamwaga maji ndani, kidogo tu, maana ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na boti haina bahari ya kuibeba. Nikalala chali chini yake na makapeni. Tone la kwanza lilinidondokea jichoni. Kati ya ribiti zote zile, zilizolia ni 11, karibu zote kandokando ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti chini.

Nane tulizibana upya: mdogo wangu chini, kashikilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti, mimi ndani nagonga mkia kwa nyundo, vipigo vifupi. Tatu matundu yalishapanuka, tukazitoa, tukaweka nene zaidi, za alumini, zimechovywa gundi ya boti ya poliyurethani. Usikubali zile ribiti za kawaida za kufyatuliwa kwa bastola ya fundi: zina uwazi katikati maji yanapita, na kile kimsumari cha chuma kinachobaki ndani, kwenye maji ya chumvi, kinaimaliza alumini inayokizunguka. Utaona unga mweupe. Ukilazimika, tafuta zilizofungwa mwisho.

Kuchomelea? Kwa bati jembamba namna hii, joto linalegeza ribiti za jirani, unarudi kwa fundi na vilio vingine.

Siku hizi boti ikilala majini usiku kucha, asubuhi natoa maji kwa sponji. Kuna mbili za kule omo, mbele ya boti, zimeanza kutoa jasho. Nimeshaziwekea alama, zinasubiri bamvua lijalo, maji makubwa, tuipandishe juu kabisa.