Ruzuku za lokidauni England: halmashauri zililipa jengo, si biashara

Chukua vinyozi wawili wa mtaa mmoja, mlango kwa mlango. Wote wamefunga kwa amri ya serikali ya kuzuia korona Machi 2020, wote wana viti vitatu, wote wanadaiwa pango. Mmoja anaingiziwa pauni 10,000 na halmashauri, mwenzake anaambulia barua ya kusikitika. Anayetafuta sababu kwenye hesabu za mauzo atatafuta mpaka achoke. Sababu iko kwenye bili ya kodi ya jengo la biashara. Wa kwanza jina lake limo kwenye bili. Wa pili amekodi chumba ndani ya jengo ambalo bili yake humwendea mwenye nyumba.

Msimamo wangu ni kwamba kutumia daftari la kodi ya majengo kulikuwa uamuzi mzuri kwa majuma ya mwanzo. Kuendelea kulitegemea kwa karibu miaka miwili kulikuwa uvivu, na walioumia ni wale wale ambao ruzuku ilitangazwa kwa jina lao: wafanyabiashara wadogo na mashirika ya hisani.

Tuanze na uzuri wake. Bajeti ya tarehe 11 Machi 2020 ilitaja ruzuku ya pauni 3,000 kwa biashara ndogo. Haikupita wiki, ikapandishwa hadi 10,000, na maduka, migahawa, baa na kumbi za burudani wakaongezewa ngazi ya 25,000. Halmashauri za England zilitakiwa kugawa zaidi ya pauni bilioni 12 haraka iwezekanavyo, na hakuna halmashauri iliyokuwa na orodha ya biashara zilizomo kwenye eneo lake. Kilichokuwepo ni daftari la majengo, kila jengo na thamani yake ya kodi, yaani makadirio ya pango lake la mwaka kwa bei za soko za Aprili 2015. Daftari hilo lilionyesha pia nani analipa na nani amepewa nafuu. Bila daftari hilo fedha zisingetoka Aprili.

Ila thamani ya kodi si kipimo cha hali ya biashara. Jengo lenye thamani isiyozidi 15,000 na mlipa kodi wake akiwa anastahili nafuu ya biashara ndogo (punguzo la kodi hiyo ya jengo), alipata 10,000, awe fundi, mhasibu au muuza samaki. Duka, mgahawa au ukumbi wa burudani wenye thamani ya juu ya 15,000 lakini chini ya 51,000 ulipata 25,000. Sasa tazama mipaka. Duka la thamani ya 15,000 kamili lilipata 10,000, na la 15,100 likapata mara mbili na nusu. Mgahawa wa 50,900 ulipata 25,000, wa 51,000 haukupata kitu. Ofisi ya kuchapa nyaraka yenye 15,100 nayo mkono mtupu, kwa sababu si duka wala burudani.

Hapo ndipo wengi walipojikwaa, kwa kuchanganya thamani ya kodi na pango wanalolipa. Mtu analipa pango la 18,000 kwa mwaka, anadhani amevuka 15,000, haombi. Kumbe thamani ya jengo lake ni 11,500 na hela ilikuwa inamsubiri. Wengine walikata rufaa dhidi ya thamani, wakashinda, wakarudi na barua mpya. Haikuwasaidia. Kilichohesabiwa ni daftari lilivyosomeka tarehe 11 Machi 2020, na mabadiliko ya baadaye, hata yaliyorudishwa nyuma hadi kabla ya tarehe hiyo, hayakutazamwa. Waliohamia jengo jipya Februari bila kuijulisha halmashauri waliingia kwenye nenda-rudi ya wiki nyingi, kwani bili ilikuwa bado na jina la aliyehama. Kulikuwa pia na tatizo dogo lililochelewesha malipo mengi: bili ina jina la kampuni, akaunti ya benki ina jina la mtu binafsi. Mkaguzi akiona majina hayalingani, faili linawekwa kando.

Upande wa mashirika ya hisani mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Shirika la hisani lililosajiliwa hupewa kwa sheria nafuu ya asilimia 80 ya kodi ya jengo linalolitumia kwa kazi zake, na halmashauri inaweza kuongeza asilimia 20 iliyobaki. Jengo linalostahili nafuu hiyo haliwezi kuwa kwenye nafuu ya biashara ndogo. Na kwa kuwa ruzuku ya 10,000 ilifuata nafuu ya biashara ndogo, shirika lenye ofisi ya thamani ya 9,000, linalotoa ushauri wa makazi au kugawa chakula, lilienguliwa kwa sababu tu serikali ilikuwa imelihurumia tangu zamani. Fundi wa jirani, jengo lile lile, ghorofa ile ile, alipata.

Njia ya kutokea ilikuwepo kwa baadhi. Ruzuku ya maduka na burudani ilifuata matumizi ya jengo. Kwa hiyo duka la nguo za mitumba la shirika la hisani, ukumbi wa kijiji unaokodishwa kwa harusi na mikutano, na klabu ya michezo, vyote viliweza kupita mlango huo. Ofisi ya ushauri haikuweza. Shule ya chekechea ya binafsi nayo haikuweza, ingawa ilisamehewa kodi ya jengo ya mwaka mzima. Nyumba za ibada hazikuwemo kwenye daftari kabisa, maana zimesamehewa kodi hiyo, na usharika au jumuiya inayokodi ukumbi wa mtu kwa Jumapili au Ijumaa haina bili ya kuonyesha. Jumuiya nyingi za Waafrika huko Uingereza, wa Kiswahili wakiwemo, zinaendeshwa hivyo hivyo: ukumbi wa kukodi na mweka hazina mwenye kitabu cha risiti.

Serikali ilipoona pengo, Mei 2020 ilitangaza mfuko wa hiari wa halmashauri: pauni milioni 617, sawa na asilimia 5 ya fungu la kwanza. Wa kupewa kipaumbele walikuwa wanne: waliopanga ofisi za kushirikiana, wenye meza za kudumu sokoni, nyumba ndogo za kulala wageni zinazolipa kodi ya makazi badala ya kodi ya biashara, na mashirika ya hisani yaliyokosa kwa sababu niliyoieleza. Biashara iwe na wafanyakazi chini ya 50, iwe ilikuwa ikifanya kazi tarehe 11 Machi, na iwe na gharama za kudumu za jengo. Kiasi kiliachiwa halmashauri: 25,000, 10,000, au chochote chini ya hapo.

Asilimia 5 kwa ajili ya kila aliyesahauliwa. Hesabu hiyo peke yake inasema mengi.

Na hapa mwombaji alipaswa kujitetea kwa karatasi, wakati mwenye bili alijaza fomu fupi tu. Mkataba wa pango au wa kukodi meza. Taarifa za benki zinazoonyesha pango likitoka kila mwezi kabla ya Machi. Ushahidi wa mapato kushuka, kwa kawaida kwa kulinganisha miezi ya mwaka huu na ya mwaka uliopita. Maombi mengi yaliangukia kwenye hitaji la pili. Aliyekuwa akimlipa mwenye chumba taslimu, kwa kuaminiana, hakuwa na mstari hata mmoja kwenye taarifa ya benki. Aliyekuwa na mkataba wa mdomo alihitaji barua ya mwenye jengo, na wapo wenye majengo ambao hawakutaka kuandika chochote kwa sababu hawakuwa wametangaza kwamba wamepangisha. Mfuko ulifungwa mwisho wa Agosti 2020.

Msimu wa pili ulikuja na malipo ya kufungwa, safari hii kwa siku. Kwa lokidauni ya Novemba 2020 ngazi zilikuwa pauni 1,334, 2,000 na 3,000 kwa siku 28, na wenye majengo ya thamani ya 51,000 na kuendelea wakaingizwa. Januari 2021 pakawa na malipo ya mara moja ya 4,000, 6,000 au 9,000, pamoja na ya siku 42 ya kuanzia 5 Januari: 2,001, 3,000 au 4,500. Kwa saluni ya thamani ya 9,000 hesabu inakwenda hivi: 4,000, ongeza 2,001, ongeza 2,096 za 16 Februari hadi 31 Machi, kisha 8,000 za kufungua upya Aprili. Jumla 16,097. Duka la nguo la thamani hiyo hiyo lilipata 2,667 za kufungua badala ya 8,000, kwa kuwa serikali iliona saluni, migahawa na vituo vya mazoezi ndivyo vingefunguliwa baadaye au kubanwa zaidi na masharti.

Sharti la msingi lilikuwa kufungwa kwa amri. Mgahawa wenye meza uliogeukia kuuza vya kufungasha ulihesabiwa umefungwa, ukalipwa. Duka la chipsi la kufungasha tangu siku zote halikuamriwa kufunga, hivyo halikustahili, hata kama wateja wake wa ofisini wote walikuwa nyumbani. Wauzaji wa jumla waliowalisha migahawa hiyo walibaki kwenye foleni ya mfuko wa pili wa hiari, ule wa pauni 20 kwa kila mkazi.

Kigezo cha mkazi nacho kilinishangaza. Mfuko wa biashara unagawanywaje kwa idadi ya watu wanaolala mahali badala ya biashara zilizopo? Jiji la London, eneo la katikati lenye mabenki, lina wakazi wasiofika 10,000, kwa hiyo hesabu hiyo inalipa chini ya pauni 200,000 kwa eneo lililojaa migahawa ya mchana. Wilaya ya makazi matupu yenye watu 150,000 inapata milioni 3.

Wanaotetea daftari hutaja wizi, kwamba angalau jengo haliwezi kughushiwa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza mwaka 2023 kwamba kati ya pauni bilioni 22.6 zilizotolewa, takriban bilioni 1.1 zilikwenda kwa makosa au ulaghai, na sehemu kubwa ni ya mifuko mitatu ya mwanzo. Kufikia mwaka huo kilichorudishwa kilikuwa kama asilimia 2 ya hasara. Kwenye mifuko hiyo ya mwanzo ndiko daftari lilikoaminiwa kuliko karatasi nyingine zote: walijitokeza watu waliodai kukalia majengo matupu, na kampuni zilizokwisha kufutwa. Msomaji wa Tanzania aliyefuatilia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya 4-4-2 (asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) iliyosimamishwa 2023, anaijua hali hiyo kwa sura nyingine, pale kikundi kinapokuwa hai kwenye orodha tu.

Na miezi hiyo yote halmashauri zilikuwa zikikusanya, kupitia mifuko ya hiari, mikataba na taarifa za benki za wapangaji wa ndani, wenye meza na mashirika. Orodha iliyokosekana Machi 2020 ilikuwa inajiandika yenyewe mezani kwao. Tarehe 21 Desemba 2021, aina mpya ya korona, omikroni, ilipoingia, ikatangazwa ruzuku ya migahawa na burudani: 2,667, 4,000 au 6,000, kufuatana na thamani ya kodi ya jengo. Mama lishe aliyekodi jiko nyuma ya baa ya mtu alirudi tena kwenye mfuko wa hiari, na fomu ikamtaka aambatishe mkataba ule ule alioupeleka Juni 2020.