Kabla ya Kuuliza Rangi ya Graniti, Uliza Inakatwaje

Wifi yangu anamalizia nyumba yake huko Goba, na majuzi aliniomba nimsindikize kuchagua jiwe la kaunta za jikoni. Katika karakana moja kati ya zile tulizopitia, ambayo sitaitaja, tuliwakuta vijana wakikata bamba la graniti kwa grainda bila tone la maji, huku vumbi likiwa limewaganda kwenye kope, nywele na fulana kiasi kwamba usingeweza kujua fulana zile zilikuwa za rangi gani. Mmoja alikuwa amejifunga kitambaa puani, na wenzake hawakuwa na chochote. Nilipomuuliza kama kifua hakimsumbui, alinijibu kwa adabu, “Tumeshazoea, mama,” kisha akainama na kuendelea kukata. Hatua chache kutoka pale, mwenye karakana alikuwa anamwonyesha wifi sampuli na kumweleza ni rangi ipi inayopendwa mwaka huu.

Nimekasirika tangu siku hiyo, na hasira yangu haimhusu mwenye karakana peke yake, bali inatuhusu sote tunaojenga. Tunauliza bei ya mita, tunauliza rangi, tunapapasa jiwe kuona kama limeng'arishwa vizuri, halafu tunalipa malipo ya awali na kuondoka bila kuuliza kazi yenyewe itafanywaje.

Graniti ina madini ya kwatsi kwa wingi, na kwatsi ni silika (silica kwa Kiingereza). Diski inapopita kwenye jiwe kavu, sehemu ya vumbi linaloruka ni chembe kubwa ambazo huanguka chini, lakini sehemu nyingine ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hubaki hewani kwa muda mrefu na huvutwa hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Seli za kinga huzimeza chembe hizo, hushindwa kuziyeyusha, na hufa zikiwa nazo, kisha mahali pale hujengeka kovu. Makovu yakiongezeka, pafu hukakamaa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hakuna dawa inayoweza kuyaondoa makovu hayo. Ugonjwa huo unaweza hata kuendelea kukua baada ya mtu kuacha kazi. Aidha, mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, na mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hii inayovutwa kazini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kijana anaposema amezoea, anachokizoea ni kikohozi, kwa sababu mapafu hayana namna ya kuizoea silika.

Wala hatuwezi kusema kwamba hatukuwahi kuyasikia haya hapa nchini. Hospitali ya Kibong'oto, iliyopo Siha mkoani Kilimanjaro, imewahudumia wachimbaji wengi wa tanzanite wa Mirerani waliougua kifua kikuu na silikosisi. Wachimbaji angalau tunawafikiria tunapotaja vumbi la mawe, lakini kijana anayekata kaunta kando ya barabara, tunayempita kila asubuhi tukiwa kwenye daladala, hatumhesabu kabisa, ilhali vumbi analovuta lina silika ile ile.

Ninazungumzia hatari ambayo kinga yake kuu ni maji. Mpira wenye maji yanayotiririka kwenye diski wakati wa kukata hulikamata vumbi kabla halijaruka, na hupunguza kwa kiasi kikubwa sana kile kinachoingia kifuani. Kitambaa cha puani hakifanyi kazi hiyo hata kidogo, kwa kuwa chembe zinazoua hupenya kati ya nyuzi zake. Inahitajika barakoa ya kiwango cha N95 au zaidi, iliyobana uso vizuri, tena pamoja na maji, si badala yake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba maji na grainda ya umeme ni hatari nyingine, na kwamba karakana inayotaka kukata kwa usalama inahitaji mashine ya meza yenye maji yake, au vifaa vinavyoendeshwa kwa upepo wa kompresa, pamoja na kifaa cha kukata umeme haraka pale hitilafu inapotokea. Hivyo ni vitu vya gharama, na gharama hiyo itaonekana kwenye bei ya mita. Basi na ionekane. Anayeweza kumudu kaunta ya graniti hawezi kudai kwamba nyongeza hiyo ndiyo iliyomshinda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, lakini mkaguzi hawezi kuwepo katika kila uwanja wa mawe kila siku, wakati mteja yupo pale, ana fedha mkononi, na anasikilizwa.

Wapo wanaoshauri kukimbilia mawe ya kiwandani yanayouzwa kama mbadala wa kisasa wa graniti. Ushauri huo haufai, kwa sababu mengi ya mawe hayo yana silika inayozidi asilimia 90, na Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya wakataji wa kaunta, wengi wao wakiwa bado vijana, kuugua silikosisi. Mawe mengi meusi yanayouzwa kama graniti kwa kweli ni mawe ya aina nyingine, gabro au doleriti, yenye kwatsi kidogo, na hilo ni jambo jema kwa anayeyakata, ingawa halimruhusu mtu yeyote kuyakata makavu.

Mengine ni mepesi. Rangi za kupauka zinahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, la sivyo mafuta na bizari vitaacha madoa. Dondosha ndimu kwenye kipande cha sampuli: kikitoa povu au kupoteza mng'ao, umeuziwa marumaru kwa jina la graniti. Bamba la unene wa milimita 20 lina uzito wa takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo fundi wa kabati ajue mapema. Na kabla ya kuagiza jiwe lililovuka bahari, uliza kama kuna la hapa nchini, maana Mwanza, Dodoma na Iringa zimekaa juu ya graniti.

Liko jambo moja ambalo liko mikononi mwa mwenye nyumba kabisa. Nunua sinki na jiko la gesi la kuzamisha kabla fundi hajaja kupima, ili matundu yake yakatwe karakanani kwenye maji, kwa sababu tunapochelewa kununua, fundi hulazimika kuyatoboa jikoni kwetu, kwa grainda kavu, madirisha yakiwa yamefungwa ili vumbi lisitoke nje na watoto wakiwa chumba cha pili. Ikilazimu kupunguza ukingo hapo hapo nyumbani, kazi hiyo ifanyiwe nje, jiwe likiwa linamwagiwa maji na fundi akiwa amevaa barakoa, na kila aliyeko karibu aondoke. Vumbi lililobaki lisifagiliwe kwa ufagio mkavu. Lilowanishwe na kuzolewa kwa kitambaa chenye maji, na dada wa kazi asiachiwe kulisafisha bila kuelezwa lina nini ndani yake.